Miti ya Nyuma ya Jabali

Mwanangu Mundhir,

Umetoka sasa hivi kwenda Hamriya kutengenezesha zipu ya begi kubwa, na mimi nimeshukuru hiyo zipu kukatika, maana imeniachia nyumba. Tangu wiki iliyopita nnataka kukwambia maneno haya uso kwa uso. Kila nikifungua mdomo najikuta nakuuliza kama umetia sweta la pili.

Basi humu hutaulizwa sweta. Bizari nimekufungia, dawa ya tumbo umeiona ilipo, shangazi zako watakupigia simu utake usitake, na sala ni baina yako na Mola wako. Kesho uwanja wa ndege utajaa watu, kila mtu na machozi yake na kila mtu na nasaha zake. Mimi nnataka ujue jinsi ilivyokuwa ndani ya kifua changu katika ile khabari ya miti ya Amerat. Khabari yenyewe unaijua, ulikuwepo. Lakini unaijua kwa upande wako, na upande wako ni wa mtu mwema. Upande wangu hatujauzungumza hata siku moja. Tunauzunguka tu, wewe na mimi, kwa adabu.

Unakwenda Uingereza kusomea kazi ile ile tuliyoifanya hapa. Umeniambia huko watu wa vijijini wanajitolea, kila mmoja anaiweka kwenye ramani mialoni mikongwe ya kwao. Ukanionyesha picha ya mwaloni mmoja, mnene kama chumba. Nikakwambia mzuri. Sikukwambia nilichofikiria: kwamba miongoni mwa hao watu wa kujitolea yumo mwanamke mmoja mtu mzima, mstaafu, anayependwa na kila mtu, ambaye hatashuka kwenye gari.

Unakumbuka nilivyokuwa baada ya baba yako kufariki. Nilikuwa nimestaafu kusomesha, nakaa kwenye nyumba hii ya Ghubra naitazama televisheni bila kuisikiliza. Chakula napika cha watu wanne tunakula wawili. Ukarudi kutoka kazini Alkhamisi moja ukaniambia, "Mama, tunahitaji mtu anayejua kusoma ramani."

"Nyinyi nani?"

"Sisi wa miti."

Ukanieleza kwamba mmekusanyika vijana, kila Ijumaa mnakwenda kwenye mabonde kuitafuta miti ya asili ya nchi hii, khasa mighafu, mnaitia kwenye ramani ya simu mmoja mmoja kabla haijapitiwa na barabara na nyumba mpya. Mimi niliyeletwa Maskati mtoto kutoka Unguja nimeipita mighafu maisha yangu yote bila kuiuliza jina. Kwangu ilikuwa ni vumbi lenye majani. Lakini ramani nilikuwa naijua. Nimesomesha jiografia wasichana wa nchi hii mpaka binti za wanafunzi wangu wakawa wanafunzi wangu.

Ijumaa ya kwanza tu mlinitandikia ramani kwenye boneti ya gari, mkanizunguka. Nikakuonyesheni namna mistari inavyobanana pale jabali linaposimama, na inavyoachana pale bonde linapolala. Thuraya, yule msichana mwenye miwani, akasema, "Ustadha, mbona shuleni hatukusomeshwa hivi?" Tokea siku hiyo nikawa Ustadha. Nilirudi kuwa mtu, Mundhir. Nilikuwa naamka Ijumaa kabla ya adhana nakaanga mandazi yenu naimba. Nakwambia haya ili ujue nilikuwa na kitu gani mkononi, na kwa nini nilikuwa na khofu ya kukipoteza.

Halafu akaja Prossy. Wewe ndiye uliyemwomba Bi Ruqayya, jirani yetu, amruhusu yule binti wake wa kazi, Mganda, aende nasi siku yake ya mapumziko, baada ya kumkuta nje ya lango anautazama mti wetu na kuuliza maswali. Bi Ruqayya akasema, "Kama Bi Zuwena yupo, sina wasiwasi." Kwa hivyo Prossy aliwekwa mkononi mwangu. Nnataka ulikumbuke hilo. Aliruhusiwa kutoka kwa sababu yangu.

Hakuwa mjuzi wa miti, na wala hakujidai. Mghafu na mgunga kwake vilikuwa kitu kimoja. Alichokipenda ni kutembea. Siku moja nilimuuliza kwa nini asilale siku yake ya mapumziko kama wenziwe. Akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha bara, "Mama, wiki nzima mimi naona ukuta. Ijumaa nataka kuona mbali."

Sasa magoti. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba yamekwisha, kwamba ngazi na miinuko niiache. Niliirudisha ile picha ya mifupa kwenye bahasha yake na nikaiweka kabatini chini ya mashuka. Wewe uliponiona nashika ukuta nikakwambia nimelala vibaya. Ah, mwanangu, ni jambo dogo kiasi gani! Mtu mzima ana magoti mabovu. Nani angecheka? Lakini mimi niliona nikilisema tu mtaniambia, "Ustadha, wewe pumzika nyumbani," kwa upole, kwa heshima, na heshima hiyo ingenirudisha kwenye televisheni.

Mkagawana mabonde. Bonde la nyuma ya Amerat mkanipa mimi na Prossy, kwa sababu gari linaingia na wewe ulidhani ni rahisi. Hapo ndipo watu wa barabara walipokuwa wanataka kupitisha njia mpya, na nyinyi mlikuwa mmeahidiwa kwamba mkiwapelekea ramani wataitazama.

Tuliingia bondeni asubuhi, na jua lilikuwa limeshachacha. Niliendesha mpaka kokoto ziliposhika matairi. Mbele yetu, upande wa pili wa mchanga, kulikuwa na mstari wa miti, kijani, mingi. Nikazima gari, nikafungua mlango, nikaweka mguu chini. Goti likaniambia hapana. Nikaurudisha mguu ndani na kuwasha tena kipupwe.

"Mama, si tushuke tuione?" Prossy akasema. Alikuwa ameshavaa kofia.

"Nnaiona kutoka hapa. Hii mighafu."

"Lakini Mundhir alisema tukaribie, tupige picha."

"Mundhir mimi ndiye niliyemzaa."

Akacheka, na mimi nikacheka. Nikachukua simu nikaanza kutia alama. Mti wa kwanza niliutilia kwa wasiwasi. Wa pili kidogo. Baadaye vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe, mghafu, mghafu, mghafu, mrefu, hai, afya nzuri. Picha nilizipiga kupitia kioo. Wewe uliziona zina ukungu ukasema lenzi ya simu yangu imechakaa, ukaninunulia simu nyingine. Ile simu mpya, Mundhir, sijui kama uliwahi kujiuliza kwa nini niliilia nilipoifungua.

Lakini hayo si mabaya zaidi. Upande wa kushoto kulikuwa na lile jabali la chini, na nyuma yake ramani ilikuwa inaonyesha tawi jengine la bonde. Mimi ndiye niliyekufundisheni kwamba mahali kama pale, maji yanapojificha, ndipo mti wa zamani unapokaa. Nilijua. Prossy akaniona natazama huko akasema, "Mama, nipande mimi nikaangalie? Dakika chache tu."

Nikakataa. Unajua kwa nini? Si kwa ajili ya jua, ingawa ndivyo nilivyomwambia. Nilikataa kwa sababu angepanda, angerudi na picha safi, na mngejua kwamba Ustadha alikaa kwenye gari na shaghala wa Bi Ruqayya ndiye aliyepanda jabali. Hilo neno, shaghala, mtumishi wa ndani, ndilo lililonijia kichwani. Sikuliona jina lake. Nimemjua mwezi mzima, nimekula naye, na nafsi yangu ilipobanwa ikamwita kwa kazi yake.

Nikaandika: nyuma ya jabali hakuna miti.

Unakumbuka mlivyofurahi. Ramani ikenda kwa watu wa barabara, wakaikubali. Wakasema njia itasogezwa, itaepuka ile miti mingi ya bondeni na badala yake itapita nyuma ya jabali, kwani huko ni kutupu. Mkanunua halwa. Thuraya akanibusu kichwa. Nilikula ile halwa, nikawa najiambia, pengine kweli ni kutupu. Usiku ule sikulala, lakini usiku wa pili nililala vizuri. Ndivyo ilivyo. Mtu huzoea.

Ile Ijumaa tuliyokwenda kuona kazi ilivyoanza, ulipenda twende sote, na yule mhandisi kijana wa barabara akaja kutupokea. Alikuwa mtu wa adabu, kanzu yake ya dishdasha nyeupe pepe kwenye vumbi lile. Akatupitisha kwanza kwenye ile miti ya bondeni. Akavunja kijitawi, akakigeuza mkononi, akakutazama wewe kama anayeogopa kukuaibisha.

"Huu si mghafu, ndugu yangu. Hii ni ghaf bahri."

Ule mti wa kigeni, ulioletwa kutoka mbali, unaokunywa maji ya wenyeji na kuwasonga. Kwa mbali, kutoka kwenye kioo cha gari, unafanana na mghafu. Kwa karibu mtoto wa shule ataujua.

Wewe ukaanza kwenda upande wa jabali, kwanza kwa hatua, halafu mbio. Wote tukakufuata. Mimi nikaja nyuma kabisa nimeshika mkono wa Prossy, na kila hatua ilikuwa kisu, na nilikuwa nasema moyoni, ya Rabbi, kuwe kutupu.

Hakukuwa kutupu. Katapila lilikuwa limeshapita. Mighafu ilikuwa imelala chini, mashina yake mapana yamepasuka, mizizi juu, majani bado mabichi. Mbuzi walikuwa wamepanda juu ya matawi wanakula. Mwenye mbuzi alikuwa amekaa kwenye jiwe, wala hakuinuka kutupokea. Akasema kwa Kiarabu cha milimani, taratibu, "Leo mbuzi wangu wameshiba. Kesho sijui nitawalisha nini."

Ulikaa chini kwenye vumbi. Sijakuona ukikaa vile tangu siku ya mazishi ya baba yako.

Yule mhandisi akauliza, "Nani alikuja kuangalia huku?" Hakuuliza kwa ukali. Akauliza kama mtu anayetaka kuelewa.

Wote mkanitazama mimi. Na mimi, mama yako, niliyesimama mbele ya mabinti miaka yote ile nikiwaambia aliyekosa ainue mkono, nikasema kwa Kiarabu: "Mimi nilibaki kwenye gari. Yeye ndiye aliyeshuka kuangalia."

Nilichagua Kiarabu. Na Prossy ninasema naye Kiswahili siku zote. Nilichagua Kiarabu ili asielewe. Lakini mtu aliyekaa kwenye majumba ya Waarabu anajua "yeye" ni nani pale kidole kinapomwelekea. Alikuwa bado amenishika mkono, Mundhir. Aliniachia taratibu, akahakikisha kwanza kwamba nimesimama sawasawa, ndipo akaniachia.

Hapo ukainuka ukamwambia mhandisi, "Mimi ndiye mratibu. Kosa ni langu." Nilisikia watu wanakusifu baadaye kwa neno hilo. Mimi nililisikia nikapumua. Neno lako lilikuwa pazia, na mimi nilikuwa nyuma yake. Nnakwambia kwa mapenzi: huko uendako usiwafunike watu haraka namna hiyo. Ungenyamaza kidogo tu, ungeniacha nisimame na ule ukimya, pengine aibu ingenishinda pale pale nikasema kweli. Silaumu. Nakwambia tu kilichotokea nyuma ya pazia.

Njiani wewe unaendesha, macho mekundu. Ulisema mara moja tu, "Mama, unataka maji?" Nikanywa.

Yaliyofuata unayajua. Wenzako hawakumtukana Prossy, nyinyi si watu wa matusi. Mlimpa kazi ya kubeba maji na kukaa kwenye magari. Halafu khabari ikamfikia Bi Ruqayya, sijui kwa nani, naye akasema kama binti hana faida huko basi Ijumaa abaki nyumbani asafishe majlis ya kupokelea wageni. Bi Ruqayya alinipigia simu kunitaka radhi mimi. Ati samahani kwa usumbufu uliokupata kwa mtu wangu. Nikamwambia, "La, hapana neno, wanadamu tunakosea." Nilisema hivyo. Kwa sauti laini.

Na sasa nikwambie kitu ambacho hujakijua. Katika siku zile nilimchukia Prossy. Nikimwona anapeta mchele barazani kwa Bi Ruqayya nilikuwa naona ananikera, namna anavyokaa, namna anavyocheka na simu. Nilitafuta makosa yake. Nikajiambia, mbona na yeye hakusisitiza? Mbona hakupanda tu bila ruhusa yangu? Kumbe mtu ukimdhulumu mwenzako, unamhitaji awe mbaya. Hilo sikulisoma popote. Nililipata kwa kuliishi, na nnaona haya kuliandika kuliko yote mengine humu.

Iliendelea hivyo mpaka ile Ijumaa tulipokuwa tunatia viti kwenye gari na Prossy akatoka langoni kwao kutupa taka. Kanga kiunoni, mfuko mkononi. Nikageuza uso. Akasema, "Habari ya asubuhi, Mama." Nikaitikia. Akasimama akautazama mzigo wetu, chupa za maji, kofia, mandazi. Akauliza, bila uchungu wowote, kama mtoto anavyouliza, "Leo mnaenda wapi?"

Wewe ukamjibu, "Quriyat, inshallah."

"Ni mbali?"

"Mbali kidogo."

"Sawa," akasema. "Mtaona vizuri leo. Hakuna vumbi."

Akarudi ndani. Tulifika mpaka taa za kwanza tu, nikakwambia simamisha gari. Ukadhani naumwa. Nikakwambia yote, hapo pembeni ya barabara, magari yanapita. Nikakwambia Prossy hakushuka, nilimkataza. Nikakwambia sikuona, niliandika tu.

Uliushika usukani kwa mikono miwili. Halafu ukasema, "Kwa nini?"

"Magoti."

"Magoti?" Ukanigeukia. "Mama, magoti? Ungesema magoti yanauma tu."

"Niliona haya."

Nilikuona unatafuta neno la kunifunika tena. Nilikuona, nakujua. Ukalikosa, Alhamdulillahi. Ukaligeuza gari. Ukasema, "Wenzangu nitawaambia, na wewe ukiwepo. Prossy utamwambia mwenyewe." Ni maneno makali kuliko yote uliyowahi kuniambia, na ndiyo nnayokushukuru zaidi kwayo.

Wewe ulibaki nje, kwa hivyo ya ndani kwa Bi Ruqayya hukuyaona. Nilikaa kwenye majlis, nikamwambia Bi Ruqayya kisa chote. Akanisikiliza, halafu, Mundhir, akacheka. Akanipiga kofi dogo pajani akasema, "Bi Zuwena, ndiyo hilo tu lililokunyima usingizi? Nani atamkamata mtu mzima kwa goti? Kunywa kahawa." Dakika ile ile nikasamehewa. Prossy alikuwa amefungiwa wiki na wiki kwa kosa lile lile alilodhaniwa kulifanya, na mimi niliyelifanya kweli nikasamehewa kabla kahawa haijapoa. Hata wenzako, ulipowaambia mbele yangu, wakainamisha vichwa, na jioni yake Thuraya akanitumia ujumbe, "Ustadha, sisi bado tunakupenda." Nilitaka mtu mmoja anikasirikie. Msamaha ule ulikuwa mwepesi kwa sababu haukutoka kwa aliyedhulumiwa.

Prossy ndiye aliyeleta hiyo kahawa. Nikasimama. Bi Ruqayya akasema kaa, nikabaki nimesimama. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika jikoni, "Prossy, nilikusingizia. Ulitaka kupanda, nikakukataza. Nikaandika uongo, na siku ile mbele ya watu nikauweka juu yako. Nisamehe."

Akaweka sinia mezani. Akapanga vikombe, akakigeuza kimoja kilichokaa upande. Kisha akasema, "Nilijua ulisema nini siku ile, Mama. Nilielewa." Akaniangalia. "Nilifikiri labda mbele ya watu uliogopa, lakini tukifika kwenye gari utasema. Hukusema. Nikafikiri tukifika nyumbani. Kila Ijumaa nilifikiri leo."

Nikamwuliza kama amenisamehe.

"Nimesikia," akasema. Akachukua sinia akarudi jikoni.

Ndilo jibu nililolipata, na nimejifunza kulibeba hivyo lilivyo. Bi Ruqayya aliona haya pia, nadhani, kwa sababu Ijumaa ya pili yeye mwenyewe alimtuma Prossy kwetu na kikapu cha sambusa. Ulipomfungulia mlango wa gari langu, alikushukuru, akaenda kupanda la Thuraya.

Mighafu ya Amerat haitarudi. Umejaribu kunituliza kwa kuniambia mmechukua mbegu. Mbegu nimeziona, na nazipenda, lakini ile miti yule mwenye mbuzi aliikuta, na baba yake aliikuta, na mimi nikaiandika haipo. Ulipofanyiwa mahojiano ya hii nafasi ya masomo wakakuuliza umeshindwa wapi, ukawaeleza Amerat. Nilikuwa mlangoni nasikiliza. Hukunitaja. Ulisema, "Tulimwamini mtu bila kumuuliza kama yuko mzima." Nilirudi chumbani kwangu nikakaa. Hujui ulivyosema kweli. Hakuna aliyeniuliza, na mimi nilifanya kila njia nisiulizwe.

Kwa hivyo utakapompata yule mwanamke wako wa Kiingereza wa mialoni, mwenye keki zake na koti lake la mvua, usimchunge kama mwizi. Atakuwa ana upweke zaidi kuliko uongo. Muulize miguu yake inaendeleaje, kabla hujamuuliza miti. Na akikwambia sikuweza, msifu kwa hilo mbele za watu, kama mnavyomsifu aliyeleta miti mingi. Mimi nilisifiwa kwa wingi tu.

Ijumaa iliyopita ulikuwa Ruwi kwa mambo ya benki, nikaenda na wenzako bila wewe. Nilikuwa na mkongojo, hadharani, ule wa chuma unaogonga kokoto mpaka mbuzi wanakimbia. Nikaifikia miti miwili ya chini. Baada yake bonde likapanda, nikajua mwisho wangu ni pale. Nikafungua simu, nikaenda kwenye sehemu ile ya juu, nikaandika: sikufika. Neno moja. Lilinichukua muda kuliko ule uongo wote wa Amerat.

Prossy alikuwa karibu, akaliona kwenye simu yake. Akaja.

"Huku juu hukufika, Mama?"

"Sikufika."

Akatazama mwinuko, akafunga kamba za viatu, akapanda. Nilikaa kwenye jiwe. Alikaa huko muda mrefu, nadhani dakika nyengine alikuwa anatazama mbali tu, haki yake. Aliposhuka, uso umejaa jasho, akasema, "Ipo miwili. Mmoja mkubwa sana, hata mikono yangu haizunguki. Andika." Akasimama nyuma ya bega langu nikaandika. Akasoma nilichoandika, chote, mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaenda kwenye gari la Thuraya. Kama kuna siku atapanda langu sijui, na si juu yangu kuuliza.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe. Na pale ambapo hukufika, akupe ulimi wa kusema hukufika, mapema, mbele ya yule unayemwonea haya zaidi.

Mama yako,
Zuwena